Gari lachemka Marani, lawama zaenda Mombasa

Nina deni la maneno ambalo nataka kulilipa leo mbele za watu, kwa kuwa mbele za watu ndipo nilipolikopa. Deni lenyewe lilitokana na gari langu dogo la mizigo lililokuwa likichemka kila lipandapo mlima, na kadiri lilivyotengenezwa ndivyo lilivyozidi kuchemka. Nitawasimulia tangu mwanzo, maana ndani yake mna faida kwa mwenye gari na kwa asiye nalo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa biashara yangu ilikuwa kupandisha nazi na kuteremsha ndizi. Nazi nilizitoa pwani nikazipeleka Kisii, na huko nikifika mpaka Marani, kituo cha biashara kilichoko kaskazini ya mji wa Kisii, katika sehemu za Kitutu Chache. Asiyefika huko na ajue kwamba ni nchi ya vilima juu ya vilima. Mvua haikauki, na migomba imeota mpaka uani mwa nyumba. Ndizi wenyeji wake huziita amatoke. Sisi huku twazitaka zikiwa mbichi, za kupikwa kwa nazi, na ukikaribia mwezi wa Ramadhani kila nyumba huulizia ndizi za futari. Basi mtu mwenye gari, na mwenye jamaa wa kumkusanyia mikungu huko Marani, alikuwa hakosi riziki yake.

Gari langu lilikuwa Toyota ya pikapu, kuukuu lakini lenye kutii. Safari ilikuwa kiasi cha kilomita 800: Marani hadi Kisii, Kisii hadi Narok, Narok hadi Mai Mahiu, kisha ule mlima wa kutokea Bonde la Ufa kwenda Nairobi, halafu mteremko mrefu mpaka baharini. Mlima wa Mai Mahiu madereva wote wanaujua. Kando yake pana kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942, walipokuwa wakifanyishwa kazi ya barabara, na sehemu hizo ndipo magari mengi yafunguliwapo maboneti yakipoe.

Mwezi wa Februari mwaka 2016 gari lilinichemkia mlimani hapo kwa mara ya kwanza. Mpira wa juu wa kupitisha maji ulikuwa umepasuka. Nikaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, nikangoja injini ipoe, nikajaza maji, nikaondoka. Nilipofika mbele kidogo ndipo nilipokumbuka kwamba kifuniko cha rejeta nilikiacha juu ya bampa. Kurudi kukitafuta, hakipo. Nikanunua kingine kwa mchuuzi wa vipuri kando ya njia kwa shilingi 150. Nikakipachika, kikaingia, kikafunga. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari, na habari ya kifuniko ikanitoka kabisa.

Mombasa nilikuwa na fundi wangu, kijana wa mtaani kwetu niliyemjua tangu yungali mtoto akienda chuoni. Yeye aniita Ami, nami namwita mwanangu. Nikampa gari, akatia mpira mpya, akanirudishia siku ile ile. Mwezi wa Machi nikapanda tena na nazi zangu. Kurudi, gari likachemka mara tatu mlimani. Nikamrudia. Akaishusha rejeta akaizibua, akabadilisha pampu ya maji, na thamostati akaitoa kabisa, kama wafanyavyo mafundi wengi wa pwani wakiona kwamba nchi yetu ni ya joto na kizuizi hicho hakina kazi. Akalipeleka gari mpaka Mariakani na kurudi. Mshale wa joto haukupanda. “Ami, gari halichemki,” akaniambia.

Safari ya Aprili ilikuwa msiba. Gari lilikwama Mai Mahiu siku tatu, ndizi ziko chini ya turubai kwenye jua. Wenye kuijua ndizi wanajua maana yake. Nilipofika soko la Kongowea nusu ya mikungu ilikuwa imeiva na kuweusika, na wachuuzi wakanipa bei wanayompa mtu wanayemhurumia. Pesa za mikungu ile hazikuwa zangu zote. Nyingine nilikuwa nimekopa. Nikalipeleka gari kwa kijana kwa mara ya tatu. Safari hii akakifungua kichwa cha injini, akakipeleka kusawazishwa, akatia gasketi mpya. Gharama ilipita shilingi 30,000. Akalijaribu tena kwenda Mariakani, na akaja na neno lile lile: “Ami, hapa halichemki.”

Hapo moyo wangu ukaingia dhana mbaya. Nikajiuliza, imekuwaje gari likiwa naye lapoa na likiwa nami lachemka? Alasiri moja, baada ya sala, tumekaa barazani na kahawa yetu, nikasema, na watu wakasikia: “Yule kijana ni mwizi. Ang’oa vipuri vizima atia vibovu, apate kunila kila mwezi.” Nilisema kwa uchungu, lakini nilisema. Wawili katika waliokuwapo walikuwa na magari yao kwake. Kabla ya juma kwisha walikuwa wameyaondoa.

Maneno ya barazani yana miguu. Yakamfika. Akaja mlangoni pangu magharibi, akasimama nje, hakukubali kuingia. “Ami,” akasema, “kama nimekukosea niambie mwenyewe. Barazani mimi siwezi kujibu.” Sikumjibu. Nilimtazama tu mpaka akaenda zake.

Mwezi wa Mei, ikiwa imebaki kama juma moja na siku chache kufika Ramadhani, nikajikaza nikapanda tena. Nilikwenda kwa kusimama na kupoza, kusimama na kupoza, mpaka nikafika Marani. Mwenyeji wangu alinipokea kwa wema, nami nilikuwa nimemletea zawadi ya mbaazi kutoka pwani. Jioni mama wa nyumba akazibandika. Tukangoja sana. Nikamwambia kwa mzaha kwamba kwetu mbaazi hizi zingalikuwa zimekwisha kuiva na kuliwa. Akacheka, akasema, “Huku kwetu nafaka inataka kuni na uvumilivu.” Neno hilo nalo nililisikia nikalipuuza.

Asubuhi tukapakia. Gari lilipokuwa likitoka bondeni kuelekea sokoni Marani, limejaa mikungu, mvuke ukatoka chini ya boneti. Utingo akaruka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilikaa nimeshika usukani nikihesabu siku zilizobaki, na ndizi, na madeni. Mwenyeji wangu akaniambia yuko mzee mmoja karibu na soko, fundi wa siku nyingi, afanyaye kazi chini ya mti. Akatumwa mtoto kumwita.

Mzee akaja polepole na kitambaa begani, mikono mitupu. “Bwakire,” akatuamkia kwa Kikisii, nasi tukaitikia. Nikalifungua boneti upesi. Hakulitazama. Akakaa juu ya jiwe, akaniambia, “Kaa, mzee wangu. Kwanza nataka kuuliza.”

Akaanza. Gari lachemka likiwa limesimama linanguruma, au likiwa linapanda? Nikasema likiwa linapanda na mzigo. Akasema basi feni tuiache kwanza, maana feni ikiwa mbovu gari huchemka zaidi likienda polepole au likisimama. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukiiwasha na rejeta iko wazi, maji yatoa mapovu? Hayatoi. Oili imepata rangi ya maziwa? Haikupata. Basi gasketi nayo tuiache. Maji yapungua? Yapungua, na kile kichupa cha akiba chafurika. Na huko kwenu Mombasa, lachemka? Nikasema huko halichemki hata kidogo, na hiyo ndiyo ajabu yenyewe.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Tangu lianze ugonjwa huu, limebadilishwa nini?” Nikamhesabia yote: mpira, pampu, thamostati, gasketi, tena nikayahesabu kwa sauti ya kulaumu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Hayo yote ni ya fundi. Nakuuliza wewe. Wewe mwenyewe ulibadilisha nini?”

Nikasema, “Mimi? Sikubadilisha kitu.”

Akainuka, akakunja kitambaa chake, akaubana mpira wa juu wa rejeta. Ukabonyea. Akaniita nami nikaubana: ulikuwa moto sana lakini mlegevu. “Injini imechemka namna hii,” akasema, “mpira huu ulitakiwa uwe mgumu. Ndani hamna nguvu.” Tukangoja mpaka injini ikapoa barabara, kwa kuwa rejeta ya moto haifunguliwi, maji yake yamewaunguza wengi nyuso. Kisha akakifungua kifuniko, akakigeuza, akakitazama chini.

“Kifuniko hiki kina muda gani?”

Hapo ndipo Mai Mahiu iliponirudia kichwani: bampa, mchuuzi, shilingi 150. Nikasema, “Miezi mitatu.”

“Tazama mpira wake.” Chini ya kifuniko cha rejeta pana kiduara cha mpira kinachosukumwa na springi. Cha kwangu kilikuwa laini na safi kama kilichotoka dukani. Mzee akasema mpira uliokandamiza mdomo wa rejeta kwa miezi mitatu huwa umechorwa alama ya duara. Huu haujagusa kitu. Akanipa nitie kidole ndani ya shingo ya rejeta, nikapapasa mdomo wa pili ulioko chini, na huo ndio unaotakiwa kuzibwa. Kifuniko changu kilikuwa kifupi, cha gari la namna nyingine. Kwa juu kilifunga vizuri kabisa, lakini kwa chini kilining’inia hewani, na kila injini ikipata moto maji yalikuwa yakijiendea.

Sasa nawaomba wasomaji mnivumilie niieleze sababu, kwa maana ndiyo iliyonifumbua macho. Sisi wa pwani twajua kwamba maji huchemka yakifika joto la digrii 100. Hiyo ni kweli usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema zaidi, kiasi cha digrii moja kwa kila mita 300. Mji wa Kisii na vilima vyake uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakifika kama digrii 94 tu. Ndiyo maana mbaazi zangu zilikawia: maji yalikuwa yakitokota, lakini kutokota kule kulikuwa na joto pungufu kuliko kwa Mombasa, na kuongeza kuni hakuyapi maji joto zaidi katika chungu kilicho wazi.

Injini ya gari nayo, ikipanda mlima na mzigo, hupita digrii 94 bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka kifuniko chenye springi ili maji yafungiwe na kukandamizwa. Ni shauri lile lile la sufuria ya mvuke, ambayo Mfaransa mmoja, Denis Papin, aliionyesha kwanza mwaka 1679. Maji yaliyofungiwa hukataa kuchemka mapema. Juu ya kifuniko cha gari kama langu imepigwa chapa 0.9, ndicho kipimo cha nguvu ya springi, na nguvu hiyo huyafanya maji yavumilie mpaka kupita digrii 110 hata huko vilimani. Bila nguvu hiyo, gari langu lilikuwa sufuria isiyofunikwa. Likiwa Mombasa, tupu, barabara tambarare, lilipata digrii zake 100 za usawa wa bahari na halikuzifikia. Likiwa Marani au Mai Mahiu na mzigo, lilizipita zile zilizopungua, likatokota. Kijana wangu aliponiambia “hapa halichemki” alikuwa akisema kweli tupu, na katika neno hilo “hapa” ndimo mlimokuwa na jawabu.

Mzee alikwenda kwenye gari bovu lililolala nyuma ya mti wake, akarudi na kifuniko cha namna ya kwangu. Akaubonyeza mpira wake kwa dole gumba, akautazama ukirudi, akakifunga. Tukawasha, tukapanda kilima kile kile na mikungu yote. Tulipofika juu akaubana mpira wa maji: mgumu. Mshale umekaa katikati. Nilitaka kusema neno nikalikosa.

Kisha mzee akainama akakitazama kichwa cha injini pembe zote, akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko yote: “Aliyefunga kazi hii ni fundi. Hakuna tone linalotoka, na boti zote zimekazwa sawa. Mwambie tu airudishe thamostati, kwa sababu injini ikikosa joto lake hula mafuta na kujila yenyewe, na ziko injini ambazo ukiitoa maji hupita njia ya mkato yasifike kwenye rejeta.” Alichukua ujira mdogo, bei ya kifuniko na muda wake.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha maradhi kwa makusudi. Niliyasahau kwa kuwa yalikuwa yamegharimu shilingi 150. Tabia yetu ni kuyatafuta makosa mahali palipotumika pesa nyingi, na mahali palipo na mtu mwingine wa kulaumiwa. Basi ewe mwenye gari, likikuchemkia, kabla hujafungua mkoba jiulize lachemka wakati gani. Likichemka limesimama, tazama feni na mkanda wake. Likichemka likipanda, tazama kifuniko, na ndani na nje ya rejeta, maana matope na vipande vya nyasi huiziba pia. Mpira wa maji ukijikunja wakati injini inapoa, kifuniko hakirudishi maji kutoka kwenye kichupa. Ukiona mapovu asubuhi injini ingali baridi, au oili nyeupe, hapo ndipo pa kuishuku gasketi. Usimwagie maji ya baridi injini iliyowaka moto, usije ukakipasua kichwa chake. Na zaidi ya yote, mweleze fundi kila ulichokigusa kwa mkono wako, hata kama wakiona ni upuuzi.

Niliupanda mlima wa Mai Mahiu usiku, sikusimama. Ndizi zikafika Kongowea zikiwa kijani, siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na madeni yangu ya fedha yakalipika. Lakini njia nzima, tangu Narok mpaka Mariakani, nilikuwa nikimwona kijana amesimama nje ya mlango wangu magharibi ile.

Alasiri ya siku ya pili nikaenda barazani. Nikangoja watu wakae kama walivyokuwa wamekaa siku ile. Nikakitoa kifuniko kifupi mfukoni nikakiweka juu ya sinia ya kahawa, nikawaeleza habari yote, na nikasema: “Niliyemwita mwizi si mwizi. Mimi ndiye niliyemdhulumu.” Wako waliocheka, wako waliotazama chini. Nikainuka nikaenda gerejini kwake.

Alikuwa amelala chini ya gari la mtu. Miguu yake ikanitambua kabla ya uso, maana ilitulia. Nikamwambia, “Toka, mwanangu, nimekuja kukuomba radhi.” Akatoka, akajifuta mikono, nikamsimulia na kumpa kifuniko. Akakigeuza, akautazama mpira kwa muda mrefu. Nilidhani atanikaripia, na haki ilikuwa yake. Akasema, “Ami, nami nina kosa langu. Nimelifungua gari hili mara tatu, na kila mara kitu cha kwanza nilichokitoa ni hiki, nikakiweka kando. Sikukitazama.” Kisha akasema amenisamehe, na thamostati akairudisha bila ya kunitoza.

Tangu siku hiyo, gari likija kwake kwa kuchemka, huanza na kifuniko, na humuuliza mwenyewe lile swali la mzee wa Marani: wewe mwenyewe ulibadilisha nini? Mmoja katika wale wawili waliomtoroka kwa maneno yangu alirudi juma lile lile. Wa pili alikuwa amekwisha zoea gereji nyingine na hakurudi tena, ingawa nilimfuata mara mbili nyumbani kwake. Hiyo ndiyo sehemu ya deni ambayo sina njia ya kuilipa, ila kuiandika hapa.